Chupa Kwenye Droo ya Cherehani

Mimi si mtu wa kuandika. Nilifika darasa la pili nikatoka, na sijuti. Sasa watu wa kliniki wamenifuata mlangoni mara tatu, eti bibi, wewe ndiye jirani, wewe ndiye unayejua, andika wengine wasome. Kalamu wanazo wao mfukoni, meza wanazo wao, lakini mkono wanaotaka uchoke ni wangu. Haya. Nitaandika kama nilivyoelezwa na mwenyewe, na asije mtu kunisahihisha.

Mwenyewe ni Fundi, yule anayeshona sare za shule kwenye chumba cha mbele, nyumba ya mlango wa kijani. Ana miaka hamsini na mbili, mrefu, na kutwa ana pini mdomoni, ndiyo maana akizungumza na wewe huoni meno. Ufundi kaurithi kwa mama yake. Watu walipoanza kuwachanganya, yule mama wakamwita Fundi Shoto, kwa kuwa alikata na kushona kwa mkono wa kushoto. Mkasi wake hakuna mwingine aliyeuweza. Ukiuazima, kitambaa kinatoka kimetafunwa kama kimepitiwa na panya.

Fundi Shoto aliingiwa na ugonjwa wa kusahau taratibu, kama unyevu unavyopanda ukutani. Alisahau vipimo, akasahau majina, mwisho akamsahau binti yake. Akabakiwa na maneno mawili tu, na ni yale yale ya kila fundi wa nguo: "Njoo kesho." Ukimwamkia, njoo kesho. Ukimpa chai, anainywa yote halafu anakwambia njoo kesho. Wateja wa zamani walicheka, wakasema huko si kusahau, ndivyo alivyo.

Halafu akaanguka bafuni, nyonga ikavunjika. Daktari akampiga picha, akausikiliza moyo, akasema moyo huu hauwezi kuingia chumba cha upasuaji. Akaandika karatasi, warudi nyumbani. Fundi aliona wamefukuzwa. Tangu siku ile, mtu yeyote mwenye koti jeupe alikuwa mwongo mpaka athibitishe vingine.

Kitanda kikawekwa chumba cha mbele, kati ya cherehani mbili na kioo cha wateja, ili Fundi ashone huku anamtazama mgonjwa. Siku ya tatu akaona jambo. Mama alikuwa amelala macho nusu, na vidole vyake vinashika shuka, vinaikunja, vinaivuta, vinaiachia, vinaikunja tena. Mguu wa Fundi ukaganda juu ya pedali. Akachukua kipande cha pamba, akakiweka chini ya vile vidole. Vikakishika, vikaanza kukikunja.

Mama anashona, akasema moyoni, na moyo ukamjaa. Mtu hajui jina la mwanawe lakini kazi yake anaijua. Kila asubuhi akawa anamwekea kipande kipya. Wateja waliokuja kupimwa waliambiwa watazame, wakatazama, wakatikisa vichwa na kumsifu. Mimi pia nilikwenda, nikasifu. Sifichi.

Wiki ya pili ikaja pikipiki. Alikuwa nesi, mwanamke mdogo mwenye begi mgongoni, na nyuma yake mdogo wake Fundi, yule dereva wa lori tunayemwita Breki. Aliitwa Breki kwa sababu hajawahi kuharakia kitu chochote tangu azaliwe. Fundi akajiuliza hapo hapo, sasa leo haraka hii ni ya nini?

"Dada, huyu ni nesi wa huduma shufaa," alisema Breki. "Wanamtunza mgonjwa hapa hapa nyumbani. Hawamlazi."

"Shufaa ndiyo nini?"

"Ni kumhudumia mgonjwa ambaye hatapona, dada," alisema nesi. "Tunahakikisha haumii, na ninyi wa nyumbani hamzidiwi na uchovu."

"Nani kakwambia hatapona?"

Nesi akainama kitandani. "Bibi, shikamoo."

"Njoo kesho," alisema mgonjwa.

"Umemsikia mwenyewe," alisema Fundi. "Uje kesho."

Nesi alicheka kidogo, lakini hakuondoka. Akaanza maswali. Nyumba hii ni yenu au mmepanga? Choo kiko umbali gani? Nani anayeamua mambo ya mama? Kila swali Fundi alilisikia linagonga kwenye hati ya nyumba, ambayo ilikuwa chini ya godoro la mgonjwa. Akamtazama Breki. Breki alikuwa anatazama dari, kama mtu anayehesabu mabati.

Kisha nesi akaomba futi iliyokuwa shingoni mwa Fundi, akaenda kupima upana wa mlango.

"Unapima nini?"

"Tuna kitanda cha kuinua mgongo, tunaazimisha. Nataka kujua kama kitapita."

Fundi alipokea futi yake akaifuta na gauni. Mtu anayepima mlango wa mgonjwa, alijiambia, hapimi cha kuingia. Anapima cha kutoka.

Nesi akarudi kitandani, akasimama kitambo anatazama vile vidole. "Bibi anaumia," alisema.

"Anashona."

"Tazama uso wake, dada."

"Uso huo ndio aliokuwa nao akitunga uzi kwenye sindano, miaka arobaini. Wewe ulikuwa wapi?"

Nesi akatoa chupa ndogo ya kahawia na kibomba cha plastiki chenye mistari. Akaeleza taratibu, mpaka mstari wa kwanza, kila baada ya masaa manne, isizidi, na kila kipimo kiandikwe.

"Ni ya maumivu makali. Itamlegeza."

"Itamlegeza au itamlaza?"

"Siku za mwanzo anaweza kusinzia zaidi."

"Onja wewe kwanza."

"Nikionja, pikipiki yangu utaniendeshea wewe?"

Breki akacheka. Alicheka peke yake. Karatasi ya kusaini Fundi aliikataa, kwa hiyo Breki akaisaini yeye, mtoto wa mwisho, anayeonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi na kulala akiwa na viatu. Fundi aliiangalia ile saini kama mtu anayeona kitambaa kimekatwa vibaya na hakuna cha kuziba.

Walipoondoka, aliiweka chupa kwenye droo ya cherehani ya mama. Kabla ya hapo aliichora mstari kwa chaki, pale dawa ilipoishia. Droo akaifunga kwa uzi mweusi, fundo la mama yake, ambalo mtu mwingine hawezi kulifunga. Akiligusa mwingine atajulikana.

Siku nne fundo lilikaa. Siku ya tano, Jumamosi, Fundi alikwenda kupeleka sare shuleni, akamwacha Breki na mgonjwa kwa saa moja. Aliporudi uzi ulikuwa sakafuni. Akafungua droo, akaiinua chupa kwenye mwanga. Dawa ilikuwa chini ya chaki. Breki alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, ameshika mguu wa mama yake.

"Umempa."

"Nimempa."

"Kiasi gani?"

"Mstari wa kwanza. Alivyoonyesha nesi."

"Nani kakutuma?"

"Nilimgeuza nimbadilishie shuka, dada. Nikasikia sauti aliyoitoa. Wewe hujawahi kumgeuza?"

"Namgeuza kila siku."

"Na hiyo sauti?"

Sauti Fundi aliijua. Kila akitaka kumgeuza mama yake, alikuwa anafungua redio kwanza.

"Toka," alisema. "Na lori lako usiliegeshe mbele ya mlango huu tena."

Breki akatoka, kwa mwendo wake ule ule.

Vidole vya mama vikatulia. Hilo ndilo lililomtisha Fundi kuliko yote. Kipande cha pamba kilibaki juu ya shuka bila mkunjo. Akavuta kigoda, akakata utepe mwembamba wa shifoni, akaushika mbele ya pua ya mama yake. Ukapepea. Akahesabu mia, akaushika tena. Ukapepea. Alikwisha kupanga yote: ukiacha kupepea, anachukua chupa yenye alama ya chaki, anakwenda nayo polisi, anataja wawili, nesi na Breki, na haoni aibu.

Saa kumi alasiri mama akafumbua macho. Yalikuwa macho yaliyofunguka yote, hayakuwa nusu. Yakamshuka Fundi kuanzia shingoni hadi miguuni, polepole, kama yanampima.

"Pindo limeshuka," alisema.

Fundi akajitazama. Kweli, gauni lake lilikuwa limefumuka upande mmoja, na nusu ya mtaa ilikuwa imemwona hivyo na kukaa kimya. Yalikuwa maneno mapya ya kwanza kutoka kwa mama yake katika miezi minane. Akampa chai, akanywa kikombe kizima, hakukunja uso hata alipoinuliwa mto.

Jua lilipoanza kuteremka, vidole vikaanza tena. Vikashika shuka, vikaikunja, vikaivuta. Fundi alikuwa bado kwenye kigoda, karibu kuliko alivyowahi kukaa, na safari hii alitazama kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake, anatafuta mshono unaanzia wapi na unakwenda wapi.

Haukuwa unakwenda popote. Vidole vilikuwa vinavuta shuka kuelekea mahali pamoja, kwenye nyonga iliyovunjika. Na mkono uliokuwa ukivuta ulikuwa wa kulia.

Fundi akakichukua kile kipande cha pamba, akakiweka kwenye mkono wa kushoto wa mama yake, akavikunja vidole juu yake. Kikaanguka. Akakirudisha. Kikaanguka tena. Mkono wa kulia uliendelea na shughuli yake. Mama yule hajawahi kushona kwa mkono wa kulia hata kifungo.

Kwa wiki mbili na zaidi alikuwa akiwaita watu waje kumtazama mama yake anavyoumia, na watu wakaja, na wakasifu.

Hakulia, anasema. Mimi sikuwepo, siwezi kuapa. Alitazama saa ukutani, akaona masaa manne yamekwisha kupita tangu kile kipimo cha Breki. Akafungua droo, akavuta dawa mpaka mstari wa kwanza, akainua kibomba usawa wa jicho mara mbili kama anayepima bega la bwana harusi, akampa mama yake mwenyewe. Kisha akaipiga chupa chaki mpya.

Jumatatu hakufungua duka. Akaniomba nikae na mgonjwa, akaenda kliniki, akakaa kwenye benchi na wenye kikohozi mpaka nesi alipotoka.

"Sijaja kuomba radhi," alisema Fundi.

"Sijakudai, dada. Bibi anaendeleaje?"

"Nimekuja kusaini. Nisomee karatasi yote, usiruke."

Nesi akasoma. Fundi akamsimamisha kila mstari.

"Hapo pameandikwaje?"

"Tarehe yake ya kuzaliwa."

"Endelea. Na hapo?"

"Jina la anayeamua. Tumeandika la mdogo wako."

"Futa."

"Tunaweza kuyaandika mawili."

Fundi akafikiri, pini zinatembea mdomoni. "Langu liwe juu," alisema. "Na ile nyumba uliyouliza, uliuliza ya nini?"

"Wenye nyumba wengine hawataki mgonjwa afie kwao. Huwa tunakwenda kuzungumza nao mapema."

Fundi hakusema amelikubali jibu lile. Alisema amelisikia. Alipotoka nje akampigia simu Breki. "Kitanda kinachukuliwa Jumatano," alisema. "Kinataka lori." Akakata.

Kitanda kilipita mlangoni kikabakiza vidole viwili kila upande. Breki alikibeba kwa mbele, Fundi kwa nyuma, wakizozana nani anavuta vibaya. Baada ya hapo nesi alikuja kila wiki mara mbili, na kila alipokuja alikuta chupa imepigwa chaki kama ubao wa shule. Fundi alimsimamia akiihesabu mistari, akaihesabu na yeye. Shuka ilibadilishwa bila redio. Mama alilala zaidi, akala kidogo, akaongea mara chache. Siku moja alimwambia Breki ana mabega mabovu, hayashoneki, na Breki mpaka leo anajivunia.

Tangu Jumamosi ile aliishi siku kumi na tisa. Alikufa Alhamisi saa nne asubuhi, mikono yote miwili imetulia, mteja mmoja anapimwa kiuno na Fundi anaandika namba. Fundi alimwomba mteja asubiri, akachukua utepe wa shifoni. Haukupepea. Akausubirisha muda mrefu kuliko ilivyolazimu, maana hata kifo alitaka kukihakiki mwenyewe. Dawa iliyobaki aliirudisha kliniki, ikamwagwa mbele yake, akasaini na nesi akasaini.

Haikupita wiki maneno yakaanza. Kwamba mama alikuwa anashona vizuri tu, tulimwona wote, mpaka alipoletewa ile chupa. Kwamba Fundi ndiye aliyeshika kibomba. Mmoja alikwenda kuchukua kitambaa chake ambacho hakijakatwa, akasema ameghairi, bila kuingia ndani. Fundi akakikunja, akampa dirishani.

Sasa wewe unayesoma. Kama ulisema maneno hayo, au uliyasikia ukanyamaza, chukua kitambaa, uende mlango wa kijani mchana kweupe, uombe upimwe. Atakapokuwa ameizungusha futi kiunoni mwako na huna pa kukimbilia, muulize lile ulilokuwa ukilisema kwenye foleni ya maji. Muulize lote, na usubiri mpaka atoe pini mdomoni. Akishakujibu, pita kwangu unieleze, na aliyekuletea maneno yale uje naye. Mlango wangu ndio unaofuata.