Siku Niliyompeleka Ireri Kuwaona Vimulimuli

Wenzangu wa Kiirua, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza kwa nini mwanamke wa miaka sitini na tatu, mwenyekiti wa akina mama kanisani, aliacha viazi shambani akaenda Embu kusikiliza disko. Wengine mmeniuliza mkicheka, wengine hamkucheka hata kidogo. Basi nitawasimulia safari yote, kituo kwa kituo, na mkifika mwisho mtaamua wenyewe kama bado mnanitaka kwenye kile kiti.

Sababu ya kuondoka mnaijua nusu. Ushuhuda wangu mmeusikia mara nyingi. Miaka arobaini na kitu iliyopita, nikiwa msichana kwetu Karurumo, niliokoka kwenye mkutano wa hema, na mhubiri akatuagiza kesho yake kila mmoja alete vitu vyake vya dunia vichomwe. Huwa nawaambia kwamba nilileta santuri zangu kumi na moja za disko, nikazitia motoni, nikarudi nyumbani mwepesi. Hapo ndipo huwa mnaanza wimbo. Nimeutoa ushuhuda huo hapa Kiirua, nimeutoa Nkubu, na kila mwaka akina mama wa Karurumo huniita nyumbani niutoe tena.

Nusu ya pili ni hii: santuri hazikuwa zangu. Wenzangu kwenye hema walikuwa na mawigi, hereni, rangi za midomo, mmoja alikuwa na pakiti ya sigara. Mimi sikuwa na kitu. Baba alitulea kwa ukali, hata kucha sikuwahi kupaka rangi. Niliona aibu kwenda motoni mikono mitupu, kana kwamba nimeokoka kidogo kuliko wengine. Kaka yangu Ireri wakati huo alikuwa karani wa kupima kahawa kiwandani, anakuja nyumbani Jumamosi tu. Nikavuta sanduku lake la mbao kutoka chini ya kitanda. Karibu santuri zote humo zilikuwa za Vimulimuli, wale waimbaji wanne waliovaa nguo za kumetameta na viatu vya soli nene, ambao Ireri aliwapenda kuliko chakula.

Jumamosi alipofika alilitazama sanduku tupu, akaniuliza, "Zote?" Nikamwambia zote. Akatoka kwenda kunywesha ng'ombe. Gramafoni yake ikageuka kiota cha kuku, na sikuwahi kumsikia akilitaja jambo hilo tena.

Mwezi uliopita nilikuwa nachambua mbegu za viazi, redio iko wazi kando yangu. Mtangazaji akasema Vimulimuli, wawili waliobaki kati ya wanne, watapiga shoo Jumamosi alasiri katika bustani mpya ya michezo nje ya mji wa Embu. Niliweka kiazi chini. Hapo hapo niliamua nitampeleka Ireri, na huko huko nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba nilimkosea.

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi, niliwasha pikapu aliyoniachia marehemu mume wangu. Kiirua ilikuwa na ile baridi yake ya kuuma masikio, mlima umejitokeza wote mweupe juu. Nilikuwa nimevaa sketi ya kanisa na raba, kwa sababu sikujua watu huvaa nini disko siku hizi. Meru mjini nilipita maduka bado yanafunguliwa.

Saa moja na nusu nilikuwa Nkubu. Nilisimama sokoni kununua mkungu wa ndizi, maana huendi kwa kaka yako mikono ikining'inia. Mama anayeniuzia siku zote aliniuliza, "Mama Kendi, unaenda wapi mapema hivi na raba?"

"Naenda kuona mgonjwa," nikamjibu.

Nilikuwa nimeshaendesha hadi mwisho wa soko kabla ya kujikasirikia vizuri. Nimetoka nyumbani kwenda kusahihisha uongo, na safari haijafika hata Chuka nimeshaongeza mwingine. Nikageuza gari, nikarudi, nikateremsha kioo.

"Hakuna mgonjwa. Naenda disko."

Alinitazama, akatazama zile raba, akasema, "Sawa basi. Ukifika huko, wasalimie." Akaniongezea ndizi mbili.

Kutoka Nkubu barabara inashuka na kupanda, kona baada ya kona, bonde moja la mto ukilimaliza unalikuta lingine. Migomba, kisha chai kwa mbali juu, kisha kahawa. Niliendesha polepole nikijifunza maneno yangu kwa sauti. "Ireri, nilikukosea." Yalisikika kama ya mtu mwingine. Baada ya Chuka nikavuka mto Thuci nikaingia kaunti ya Embu, na hewa ikaanza kupata joto la nyumbani.

Saa nne nilifika Karurumo. Ireri alikuwa kwenye kahawa akipogoa, kofia ya sufu kichwani juani, umri wa miaka sitini na minane na mgongo bado umenyooka. Mkewe, Marigu, alinipokea ndizi na kunitilia chai. Nilipomweleza kaka yangu nilichokuja kufanya, hakuacha kukata.

"Mimi siendi huko. Hiyo ni vitu ya vijana."

"Vijana gani? Vimulimuli wana miaka sabini."

"Na ng'ombe nani atapea maji?"

"Mimi," Marigu alisema kutoka mlangoni. "Kwani miaka hii yote nani amekuwa akiwapea?"

"Wawira, wewe umeokoka," Ireri akaniambia kwa jina langu la usichana. "Utaonekana huko, watu waseme nini?"

"Wacha waseme. Nitakaa kwa hii kiti mpaka uvae viatu."

Nilikaa. Nilikunywa vikombe vitatu vya chai. Marigu akaingia ndani akatoka na koti la kijani lenye kola pana, limekunjwa vizuri, akaliweka juu ya kichaka cha kahawa mbele ya mumewe. Sikujua kwamba lilikuwa limetunzwa. Ireri alilitazama, akafuta panga lake kwenye suruali, akaenda kuoga.

Njiani kupita Runyenjes hatukuongea sana. Nilijaribu mara mbili kuanza, na kila mara yeye akaniuliza habari za bei ya viazi. Huyo ndiye kaka yangu. Mazungumzo yakianza kuwa mazito, yeye hukumbuka ng'ombe.

Saa nane na nusu tulifika kwenye bustani. Nawaambia ukweli, sijawahi kuona kitu kama kile. Kuna ndovu wa saruji wakubwa kuliko ndovu, treni ndogo ya kuzungusha watoto, mtelezo mrefu wa maji unaomwaga watu ndani ya bwawa wakipiga mayowe, na katikati gurudumu kubwa kama nyumba ya ghorofa, lenye vibanda vya kukalia, linapandisha watu juu angani na kuwarudisha. Msichana wa langoni mwenye nywele za zambarau alitufunga utepe wa karatasi mkononi.

"Shosho na guka, karibuni sana. Mmekuja kuangalia wajukuu?"

"Tumekuja disko," nikasema. Mara hii lilitoka vizuri.

Saa tisa Vimulimuli walipanda jukwaani kando ya bwawa. Mwanamume alikuwa na koti la kumetameta ambalo vifungo vyake havikufungika tena. Mwanamke alikuja amejitegemeza kwa fimbo, akaketi kwenye stuli, akasema, "Embu, magoti imezeeka lakini sauti iko," na kweli ilikuwepo. Wimbo wa kwanza Ireri aliusikiliza amekunja mikono. Wa pili hivyo hivyo. Nilianza kuogopa kwamba nimemburuta mtu bure.

Wa tatu ulianza kwa ngoma peke yake. Ireri alivua kofia ya sufu, akanipa niishike, akatembea mbele. Kwanza miguu tu, taratibu, kisigino na kidole. Kisha mabega, kisha akazunguka mara moja na koti la kijani likafunguka, na wale vijana waliokuwa wakirukaruka ovyo wakamwachia nafasi. Walimzunguka, simu juu. Msichana mmoja alijaribu kumwiga hatua akashindwa, akacheka, Ireri akairudia polepole ili ajifunze. Sikuwa nimewahi kumwona kaka yangu akicheza. Sikujua hata kwamba anaweza. Nilisimama na kofia yake mkononi nikalia waziwazi, kwa sababu hapo ndipo nilipoona nilichochoma.

Saa kumi na moja shoo iliisha. Ireri alikuwa amelowa jasho na ana furaha, na nikajua nikimwacha afike kwenye pikapu tutaongea habari za viazi hadi Karurumo. Nikanunua tiketi mbili za lile gurudumu. Nililichagua kwa makusudi: mtu akishafungiwa kwenye kibanda kile hawezi kwenda kunywesha ng'ombe.

Tulipanda. Kutoka juu unaona mji wa Embu wote, milima ya Mbeere upande mmoja, na mbali kabisa nchi tambarare ya Mwea. Gurudumu liliposimama kupakia watu wengine chini, sisi tukiwa juu kabisa, nikasema.

"Ireri, nilikukosea. Zile santuri zilikuwa zako. Nilizichukua kwa sababu sikuwa na kitu changu cha kuchoma."

Alishika chuma cha mbele kwa mikono yote miwili.

"Sahani za muziki ni sahani tu," akasema. "Zikichomeka zimechomeka. Hiyo nilisamehe kitambo, hata kabla uolewe."

Nilitaka kushukuru. Akainua mkono nisiongee.

"Lakini hiyo ushuhuda, Wawira. Kila mwaka unasimama pale mbele kwa kanisa yetu unasema 'santuri zangu'. Watu wanaimba. Na mimi nimekaa pale nyuma. Kila mwaka nasema, labda leo atataja jina yangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeambia kanisa nini? Ati dada yangu aliokoka na vitu zangu?"

Alisema bila hasira, na ndiyo maana liliniuma zaidi. Gurudumu likaanza kushuka.

"Nisamehe na hilo," nikamwambia.

"Hapa ni mbinguni, hakuna mtu anatujua," akasema Ireri. "Kule ulisema na maikrofoni."

Usiku ule nililala kwao na sikupata usingizi wa maana. Nilikuwa nimejiona shujaa kwa kuendesha gari kutoka Kiirua na kutaja kosa langu, na kaka yangu alikuwa amenionyesha kwamba nimelitaja pale ambapo halinigharimu chochote. Hilo ndilo nililojifunza Embu, na sikulipenda. Niliogopa, nawaambia wazi. Niliwaona nyote nyuso zenu, niliwaona akina mama wa Karurumo ambao wamenialika miaka yote hiyo, na nikajiuliza nitabaki nani nikishanyang'anywa ule ushuhuda. Lakini asubuhi niliosha uso, nikavaa ile sketi na zile raba, nikamwambia Marigu kwamba leo nakwenda nao kanisani.

Ya njia ya kurudi sina mengi. Niliondoka Karurumo Jumapili baada ya chakula cha mchana, mvua ikanipiga kutoka Chuka hadi Nkubu, na saa kumi na mbili jioni nilikuwa hapa nikifungia kuku. Nimeiruka ile asubuhi kusudi, ili nimalizie nayo.

Saa nne na nusu, kabla ya mahubiri, mzee wa kanisa aliwaomba wageni wasimame wasalimie, kama kawaida yetu. Aliponiona alifurahi. "Mama Kendi yuko. Huyu hatumpi salamu tu, huyu ana ushuhuda." Wengine walianza kupiga makofi kabla sijafika mbele. Nilipewa maikrofoni.

Nikawaambia: nilipookoka sikuwa na kitu cha kuchoma. Nilichukua santuri kumi na moja za kaka yangu Ireri, bila ruhusa, nikazichoma, na kwa miaka arobaini nimewaambia zilikuwa zangu. Mliimba kwa sababu ya uongo wangu, na mwenyewe alikuwa ameketi humu humu akisikiliza. Jina lake ni Ireri. Yule pale.

Hakuna aliyeanzisha wimbo. Mzee wa kanisa aliangalia Biblia yake. Kiti changu kilikuwa mbele pamoja na wageni wa heshima, lakini sikukirudia. Nilitembea katikati ya viti vyote, raba zinalia kwenye sakafu, nikafika benchi la mwisho karibu na mlango. Ireri akasogea, nikaketi. Alikuwa amevaa lile koti la kijani.

Hakunitazama. Aliinamisha kichwa kidogo upande wangu, akaninong'oneza.

"Hukuwaambia kwamba najua kucheza."

Nikasimama tena.