Bakuli Chini ya Jiko la Boma

Tarishi wa jumbe alishuka mtumbwini pale Ikombe, kando ya ziwa, Rut akiwa amepiga magoti, analainisha mdomo wa mtungi kwa kokoto. Alitangaza kwa sauti kwamba kila mfinyanzi aliyewahi kufanya kazi katika boma la zamani anatakiwa huko kesho asubuhi. Kuna daktari wa Kijerumani anafukua.

"Anafukua nini?" akauliza mwanamke mmoja.

"Vigae. Vyungu vilivyovunjika. Anavipiga mswaki kama meno, halafu anaviandikia namba."

Wanawake wakacheka. Rut hakucheka. Kokoto ilimponyoka ikatumbukia ndani ya mtungi, akaiacha humo humo. Hakuna Mzungu wa kusafiri majuma mazima kwa ajili ya vigae, alijiambia. Wamejua.

Mwaka huo wa 1911 Rut alikuwa na miaka thelathini na moja, mjane mwenye binti mmoja, Veronika. Ufukwe wote wa kaskazini ulimjua kwa vyungu vyake, vyepesi na visivyovuja. Walimjua pia kwa woga. Ukimwita kwa nyuma aliruka. Na kulikuwa na jambo moja ambalo majirani walilishangaa wakaacha kuuliza: kila mavuno ya mpunga wafinyanzi wa Kikisi walipovuka na mitumbwi yao kwenda kubadilishana vyungu kwa mpunga, Rut alikwenda Ikolo tu. Kule Ipyana alimtuma Veronika.

Ipyana aliishi mtu aitwaye Nsajigwa.

Rut alipokuwa na miaka kumi na sita, boma lilidai watu wa kazi, na kijiji kikamtoa yeye na wenzake watatu. Alichota maji, akaosha vyombo katika jiko la bwana mkubwa. Katika vyombo vile kulikuwa na bakuli la supu lenye mfuniko, jeupe, limechorwa majani ya buluu. Watu walisema ni la mama yake bwana mkubwa, limetoka Ulaya. Mchana mmoja, bwana mkubwa akiwa safarini milimani Ukinga, Rut alikuwa akilifuta. Mikono ilikuwa na maji. Hakusikia hata lilivyomtoka. Alisikia mlio tu.

Mpishi alikuwa amekwenda kuchukua kuku. Rut alikusanya vipande, akavitia katika chungu alichopewa na mama yake siku ya kuondoka nyumbani, akakifunika. Nyuma ya lundo la kuni sakafu ilikuwa udongo mtupu. Alichimba kwa kisu, akakifukia, akashindilia kwa kisigino, akarudisha kuni juu yake.

Bwana mkubwa aliporudi, bakuli halipo. Ufunguo wa kabati la vyombo ulikuwa kwa watu wawili: Yakobo, mpishi, na Nsajigwa, boi wa mezani. Yakobo aliapa, akaaminiwa. Nsajigwa alilazwa kifudifudi uwanjani, akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na kesho yake hamsa ishirini nyingine, ili aseme amemuuzia nani. Rut alisimama nyuma ya ukuta na ndoo kichwani. Kila kiboko kiliposhuka alifungua mdomo, na kila mara mdomo ulijifunga wenyewe. Nsajigwa alifungwa mnyororo miezi sita. Alipotoka, mgongo wake haukunyooka tena.

Miaka michache baadaye Wajerumani walihamia milimani, boma likaachiwa majani. Rut akarudi kwao, akaolewa, akabatizwa, akafiwa na mume. Hakumwambia mtu.

Sasa alikuwa ndani ya mtumbwi, akipiga kasia kuelekea boma lile lile.

Alikuta uwanja wa boma umegawanywa kwa kamba, miraba miraba, na wanaume wakikwangua udongo kidogo kidogo. Daktari, mzee mwembamba mwenye miwani, si tabibu bali msomi wa vitu vya kale, alikaa mbele ya meza ya makasha. Kando yake alisimama Mwalimu Hezroni wa misheni, mkalimani wake.

"Mwagonile, mama," alisalimia Hezroni. "Usiogope. Bwana Daktari anataka kujua tu ni nani alifinyanga nini."

Rut aliinua macho aitikie, akamwona Nsajigwa. Alikuwa miongoni mwa wachimbaji, ameinama kama alivyoinama miaka yote, jembe mkononi. Aliletwa aonyeshe vyumba vilikuwa wapi. Rut akashika ukingo wa meza.

Daktari alimpa kigae. Rut akakigusa, na kwa kuwa vidole vyake vilijua kazi yao, vilijibu kabla yake. Hiki ni chungu cha samaki, cha Kikisi. Hiki si chetu, ni cha wake wa askari, walikuja na ufinyanzi wao kutoka pwani. Hiki cha Wangoni, tazama kilivyo kizito. Daktari aliandika mbio mbio, akitabasamu, na kwa muda mfupi pumzi ya Rut ilitulia. Alipopewa kigae chenye alama tatu za kucha chini ya mdomo, akasema bila kufikiri:

"Huu ni mkono wa mama yangu. Hakuna mwingine aliyeweka kucha hivi."

Hezroni akafasiri. Daktari akakiweka kigae peke yake.

Hapo ndipo kelele zilipotoka upande wa jikoni. "Chungu kipo kizima! Kina mfuniko!"

Waliokibeba walikuja nacho taratibu kama wamebeba mtoto mchanga. Rut alitaka kukimbia. Daktari alifunua, akatoa kipande cheupe chenye jani la buluu, halafu cha pili. Alivipanga mezani mpaka bakuli likaonekana lilivyokuwa. Wachimbaji wakasogea. Nsajigwa naye akasogea, akaliona, akaganda.

Daktari aligeuza chungu. Kucha tatu. Akachukua kile kigae cha pekee, akaviweka pamoja.

"Anasema hiki pia ni cha mama yako," Hezroni alifasiri.

"Ndiyo."

"Anauliza, kwa nini chombo cha Wazungu kimezikwa ndani ya chungu cha Kikisi? Ni desturi yenu? Mlikuwa mnawapa mizimu?"

Rut alitazama makasha, hakuthubutu kutazama kwingine. Askari wawili walikuwa kivulini, na kiboko kimening'inia kiunoni mwa mmoja wao. Aliuhisi ule uwanja chini ya miguu yake.

"Ndiyo," alisema. "Ni desturi."

Hezroni alimwangalia kwa mshangao, maana alimjua kama Mkristo wa kanisa la Ikombe. Lakini alifasiri, na daktari akaandika ukurasa mzima.

Walipopumzika kula, Nsajigwa alimfuata pwani kwenye mitumbwi. Rut alimsikia anavyoburuta mguu, akabaki amempa mgongo.

"Binti wa maji," alisema Nsajigwa. "Ni wewe?"

"Ni mimi, kaka." Sauti ilitoka ndogo. "Liliniponyoka. Nipige. Mwambie askari. Nilistahili mimi."

Nsajigwa hakuinua mkono. Alikaa juu ya jiwe kwa shida.

"Mimi nilidhani ni Yakobo," alisema. "Ufunguo tulikuwa nao wawili, na mimi sikuchukua. Unajua Yakobo alikuwa nani kwangu? Tulichunga ng'ombe pamoja, tukajenga kijiji kimoja na rika letu. Nilipotoka kwenye mnyororo nilihama ili nisimwone. Alipougua alinitumia watu mara tatu. Anakufa, anataka kuniona. Sikwenda."

Rut alishika kinywa. Mjane wa Yakobo ni Angetile wa Ikolo. Kila mavuno, Rut alilala nyumbani kwa Angetile.

"Vidonda vya kiboko vilipona," alisema Nsajigwa. "Hilo lingine halitapona. Nenda ukamwambie mke wake. Usiponipa hilo, nitakwenda kwa askari."

Kesho yake walivuka pamoja mpaka Ikolo. Angetile alikuwa anatwanga. Alipomwona Rut alifurahi, na alipomwona Nsajigwa nyuma yake mchi ukasimama hewani. Rut alisema yote akiwa amesimama, hata ile habari ya mizimu.

Angetile aliuweka mchi chini. Kisha akauliza, "Hilo bakuli lilikuwa kubwa kiasi gani?"

Rut alionyesha kwa mikono.

Angetile aliitazama ile mikono. "Mume wangu alikufa akiuangalia mlango," alisema. "Na umeandikisha kuwa ni mizimu."

"Niliogopa."

"Mwambie mwalimu afute. Akuandike wewe, kwa jina. Mpaka hapo usikanyage kwangu."

Nsajigwa aliomba maji. Angetile akampa, na alipokwisha kunywa, akamwonyesha lilipo kaburi la Yakobo, nyuma ya migomba. Nsajigwa alikwenda huko peke yake.

Rut hakujua kama ana nguvu ya kufanya aliloambiwa. Alikaa siku nne Ikombe bila kugusa udongo. Siku ya tano alikwenda misheni Ipyana kwa miguu yake, akamkuta Hezroni darasani.

"Bwana Daktari ameondoka," alisema Hezroni. "Makasha yamekwenda na meli."

"Basi mwandikie barua, mwalimu. Sema Rut wa Ikombe alivunja, akaficha, akadanganya."

"Mama, barua hii inaweza kupita mikononi mwa watu wa boma. Unaelewa?"

"Naelewa. Andika kabla sijageuza nia."

Barua iliandikwa, ikaenda. Kwa miaka mitatu, meli ilipopiga honi ziwani, Rut aliacha kazi, akafunga nguo zake katika kitambaa, akakaa mlangoni akisubiri askari. Hakuna aliyekuja, wala jibu halikuja. Halafu vita vikazuka, meli za Wajerumani zikakoma.

Angetile alisikia habari ya barua, lakini hakumruhusu kulala tena kwake mpaka mavuno ya mwaka wa vita. Usiku huo hakumpa mkeka karibu yake kama zamani; alimtandikia upande wa pili wa moto, akamtakia usingizi mwema. Rut akashukuru, "Ndaga," akajifunika mpaka kichwani.