Uzi wa Nyavu kwenye Upinde wa Baba Mkwe

Jumapili ile naikumbuka, binti yangu, hata rangi ya kitenge nilichovaa. Tulikuwa tumetoka misa, watu wamejaa uwanja wa shule, na baba yako Magoti amesimama mbele yao wote na upinde mkononi. Kamba ya upinde ule nilikuwa nimeisokota mimi. Nilitembea siku hiyo kama mama wa bwana harusi, kichwa juu, na saa moja baadaye nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nakusimulia kwa sababu juzi umekuja hapa Mwisenge umenuna, unasema huko kazini Bunda hawataki kukusikiliza, na wewe umesoma kuliko wote. Sawa, umesoma. Hata mimi kuna kitu nilikijua kuliko wote. Kaa basi, chai ipo.

Mimi ni mtoto wa Bukima. Baba yangu alikuwa mvuvi, na kabla sijajua kusoma nilijua kufuma nyavu. Ungenifunga macho ukaniwekea uzi vidoleni, ningekwambia huu ni wa furu, vile visamaki vidogo, huu ni wa sangara mkubwa. Baba alitufundisha jambo moja, na kwa nyavu hata leo nitaliapia: uzi mwembamba ndio unaoshika. Uzi mnene samaki anauona, anageuza. Kwa hiyo kwetu, ukimwona fundi anasokota nyembamba na haikatiki, unamwamkia kwa heshima.

Nikaolewa upande wa Butiama, kwa wafugaji, nina miaka kumi na tisa. Ilikuwa miaka ile ya shida. Kipande cha sabuni tuligawana nyumba tatu, sukari tuliisikia kwa jirani, na muuza duka la kijiji alisinzia mbele ya rafu tupu. Wezi wa mifugo peke yao ndio hawakupungukiwa na kitu. Kila boma lilitakiwa kutoa mwanamume mmoja wa sungusungu, mwenye upinde na anayeujua. Babu yako, Mzee Wambura, alikuwa amelinda kijiji miaka mingi, lakini bega lilikuwa limekwisha. Alitaka kumwachia baba yako upinde wake. Ila aliweka sharti: Magoti apige mishale mitano mbele ya watu, mitatu iingie kwenye shina la mgomba kutoka hatua arobaini. Akishindwa, upinde na nafasi vinakwenda kwa binamu yake.

Siku chache kabla ya Jumapili hiyo panya wakala kamba. Ilikuwa ya kano za mgongo wa ng'ombe, nene kama njiti mbili za kiberiti ukizibana pamoja. Kupata nyingine kulitaka ng'ombe achinjwe, na wale wachache waliobaki baada ya wizi hakuna aliyethubutu kuwatazama kwa jicho hilo. Ndipo mimi, mgeni wa miezi minne, nikafungua sanduku langu. Baba alikuwa amenipa kibunda cha uzi wa nailoni siku naondoka, kitu ambacho miaka ile hata wavuvi walikuwa wanakiota. Nikasokota nyuzi sita. Ikatoka nyembamba, laini, bila fundo hata moja. Baba yako akaivuta kwa nguvu zake zote, haikukatika. Akapiga mshale kwenye mgomba wa nyuma ya jiko, hatua kumi hivi, ukazama karibu na manyoya.

"Mama yangu!" akasema. "Hii inakimbia kuliko ya mzee."

Mzee alikuwa kijiji cha Guta kwenye msiba, akarudi Jumamosi. Hatukumwuliza neno. Nilitaka aje aone mwenyewe uwanjani, astaajabu.

Alistaajabu kweli. Mshale wa kwanza ulitoka kwa kasi ambayo sijapata kuiona, ukaenda kulia kwa mgomba, mkia unayumba kama kambale aliyetupwa majanini. Wa pili kulia. Wa tatu ulichomoka kwenye kamba kabla hajauachia, ukaanguka miguuni mwake, na watu wakacheka. Wa nne kulia tena. Wa tano baba yako alilenga kushoto kwa hasira, ukaukwaruza mgomba ukapita.

Halafu mzee mmoja kutoka nyuma akasema kwa sauti: "Sisi hatuwapagi wanawake upinde washikeshike. Oneni sasa."

Neno lile likazunguka uwanja kuliko mishale yote. Mkono wa mwanamke umeharibu upinde. Binamu alikuwa ameshasogea mbele kuupokea. Mzee Wambura aliuchukua upinde, akapitisha kidole kwenye kamba yangu, akaokota ule mshale ulioanguka, akaupachika, akautikisa. Ukacheza, maana mkato wa nyuma ya mshale ulikuwa umechongwa kufuata unene wa kamba ya zamani.

"Baada ya mwezi nampima tena," akasema. "Akikosa, nautoa."

Kesho yake akaniita. Nikasimama mbali kama ilivyompasa mkamwana, macho chini, machozi yananidondoka kwenye vidole vya miguu.

"Binti wa ziwani, huko kwenu furu mnavuaga kwa wavu wa sangara?"

"Hapana, baba. Watapita wote. Kila samaki na wavu wake."

"Sasa mishale yangu uliiuliza inatakaga kamba gani?"

Nikatikisa kichwa.

"Wavu wa baba yako unaujua," akasema, "upinde wangu huujui. Na mimi nipo, sijafa, hukuniuliza. Mkono wako hauna kosa, usiwasikilize hao. Ni kujiona ndiko kumekuponza. Lete huo uzi."

Mwezi ule ndio shule yangu. Baada ya shamba na jiko, tulikutana sote watatu nyuma ya boma, mzee kwenye kigoda, baba yako na upinde, mimi na kibunda changu. Mzee alinieleza kwamba mshale haupiti katikati ya upinde, unapita ubavuni. Kamba ikiusukuma, lazima ujipinde kidogo kuukwepa mti wa upinde, kisha ujinyooshe uende zake. Kamba nyembamba ni nyepesi, inasukuma kwa kasi. Mishale yake ilikuwa imechongwa kwa ajili ya kamba ya kano, nzito na ya taratibu. Ikisukumwa kwa kasi ile inajipinda kupita kiasi, na kwa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia kama baba yako, inatupwa kulia.

Sikuamini. Nikafikiri ni maneno ya wazee. Basi akaniambia niongeze nyuzi. Nikasokota nane, mishale ikaenda kulia, lakini karibu zaidi. Nikasokota kumi, karibu zaidi tena. Nyuzi kumi na mbili, mshale ukaingia kwenye mgomba na mkia umetulia. Niliruka, mwanangu, nikasahau kwamba baba mkwe ananitazama. Kwa sababu mimi ni mbishi, na unajua umeutoa wapi ubishi wako, nikasokota na kumi na sita nione. Sasa ikawa nzito mno, mshale ukatoka kivivu, ukagongana na mti wa upinde, ukaenda kushoto. Mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Umeona? Wembamba unakosaga, na unene unakosaga. Rudi kwenye kumi na mbili."

Lakini bado mshale ulicheza kwenye kamba, maana nailoni hata nyuzi kumi na mbili haifikii unene wa kano. Hapo nilimwuliza, ndiyo, nilimwuliza, kama naweza kuizungushia uzi katikati tu, pale unapokaa mshale, kama tunavyokaza kamba ya wavu kwetu. Akafikiri. Akasema jaribu. Nikazungusha kwa kubana, duru moja juu ya nyingine. Akaning'iniza mshale kwenye kamba: ukashika. Akaigonga kamba kwa kidole: ukaachia. Hapo ndipo penyewe, akasema, ushike usianguke, uguswe uachie. Kitu hicho hakuwahi kukifanya kwa kano, nami sikuwahi kukifanya kwa upinde. Tulikifanya pamoja.

Jumapili ya pili watu walikuja wengi zaidi. Wengine walikuja kucheka, najua. Mshale wa kwanza ukaingia. Wa pili ukaingia. Wa tatu ukaenda juu kidogo. Wa nne ukaingia. Tayari alikuwa ameshinda, angeweza kuacha, lakini akapachika wa tano, akautuliza, nao ukaingia jirani kabisa na wa nne. Mama mkwe ndiye aliyeanza vigelegele. Nililia mbele ya kijiji kizima, na sikuona haya.

Mzee Wambura akasimama. "Upinde ni wa Magoti," akasema. "Kamba ni ya Nyangeta, mkamwana wangu. Nani amekuja na kamba iliyo bora kuliko hii? Aje mbele tuone."

Wiki ile ile, yule mzee aliyesema wanawake hawashiki upinde alimtuma mke wake kwangu, na upinde umefungwa ndani ya kanga. Niliupokea kwa mikono miwili. Nikamwambia kwa upole, "Mama, nenda ukalete na mishale yake."

Baadaye ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa, maduka ya Musoma mjini yakajaa kamba za kila rangi na kila unene. Vijana wakanunua zile nene, zinazong'aa, wakadhani unene ndio nguvu, na mishale yao ikaanza kwenda kushoto. Walinifuata hata kutoka Guta. Kila aliyekuja nilimwambia hivyo hivyo: alete upinde, alete mishale, na apige nikiwa natazama, ndipo nishike uzi.

Sasa sikiliza. Ulichosoma ni kizuri, usikitupe, na mtu akikwambia mkono wako una kasoro kwa sababu ni wa mwanamke, usimwamini. Lakini huko kazini bado wewe ni mgeni, na wenzako walikuwepo kabla yako. Kesho nenda ukawaulize kazi yao inataka nini, na uwaulize kweli, si kwa kutega. Waache wakuoneshe inavyokwenda. Halafu pima, ongeza, punguza, ukikosea rudi nyuma bila kununa. Siku utakayopatia, utasimama mbele yao kichwa juu, na hakuna atakayekuuliza umetoka wapi.

Mungu akupe mikono ya baba yangu na masikio ya baba mkwe wangu. Akutangulie barabarani, akurudishe kwangu ukicheka. Nenda, mwanangu, basi la Bunda lisikuache.