Bei ya Kwanza ya Papa Tina

Wachuuzi wote wa Umbilo Road, Durban, wanamjua Gustave, na wote wakimwona anakuja hupandisha bei. Si kwa ubaya. Wanajua kwamba atakata nusu hata kitu kikiwa cha bure, basi wanamwachia pa kukatia. Ninahazwe, mama wa Kirundi anayeuza nyanya mbele ya saluni, fungu ambalo wengine wanalipata kwa rand twenty, kwa Gustave husema forty. Baada ya kelele, viapo, na kuondoka kwa hasira na kurudi, Gustave huondoka na nyanya zake kwa twenty-two, kifua mbele kama jemadari aliyeteka mji. Miaka yote hii Ninahazwe anamla rand mbili kila fungu, na jemadari hana habari.

Mkewe, Félicité, alishazoea kutembea mbele yake barabarani kana kwamba hawajuani. Kwenye maduka makubwa ndiyo aliacha kabisa kwenda naye, tangu siku Gustave alipomwambia msichana wa kaunta kuwa mafuta ya kupikia ni ghali, apunguze kidogo, wao ni wateja wa zamani. Msichana akamwita meneja. Gustave akafurahi sana, maana kwa akili yake huyo meneja ndiye aliyekuwa ameificha bei ya mwisho.

Kwake yeye bei ya kwanza si bei, ni hodi. "Kwetu Bukavu, soko ya Kadutu," hupenda kusema, "mutu akikutajia bei, anakusalimia. Ukilipa palepale umemunyima jibu." Na kwa kuwa biashara haigombi, kelele zake zote huishia kwa kicheko na kushikana mikono. Kwa sifa hiyo Wakongomani wa Durban walimfanya msemaji wao wa posa. Mwenye binti anayeolewa humwita Gustave akae upande wa baba, ataje mahari ya kupasua kichwa, kisha ashuke polepole, kwa heshima, kwa utani, mpaka pande zote mbili zikutane zikiwa zimechoka na zinapendana. Kazi hiyo aliifanya vizuri mno. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Riziki yenyewe aliipata Jacobs, katikati ya viwanda, kwenye ghala la mnada la Mzee Perumal. Mzee Perumal alikuwa Mhindi wa Durban, mfupi, mwenye leseni zote zinazotakiwa na uvumilivu usiotakiwa na mtu yeyote. Aliuza mtandaoni vitu vya kale vya vita: panga, medali, na hasa bunduki za zamani ambazo watu huzinunua ili kuzitazama tu. Gustave alizipangusa vumbi, akazipiga picha mbele ya macho ya tajiri wake, kisha zikarudi kwenye chumba cha chuma.

Hapo ndipo alipoona maajabu. Mtu anakuja na bunduki ya babu yake, amesoma mtandaoni kwamba mwingine anauza ya namna hiyo kwa hela ya kununua gari, naye anataka gari. Huyo mwingine naye bei yake ameitoa kwa mwingine, ambaye hajawahi kuuza. Mzee Perumal huwaambia kwa upole, "Bei unayoomba si bei. Bei ni ile aliyolipa mtu." Wanamtazama kama mwizi.

Iliyokaa kuliko zote ilikuwa Martini-Henry moja, ile ya Waingereza yenye mkono wa chuma chini wa kuifungulia. Mwenyewe, mstaafu mmoja wa Pinetown, aliapa kwamba ilipigana Isandlwana, kule Wazulu walikowashinda Waingereza. Kila Martini-Henry iliyoingia ghala lile ilikuwa imepigana Isandlwana. Kama zote zilikuwepo kweli, wanajeshi wangekosa pa kusimama. Aliiwekea bei ya kuanzia hundred and eighty thousand, na chini ya hapo asisikie la mtu. Mnada ukafunguliwa, ukafungwa, hakuna aliyetia neno. Ukafunguliwa tena. Gustave akaipa bunduki jina: Bwana Subiri. Kila Jumatatu aliipangusa, akaisalimia, akairudisha.

Ila moyoni alikuwa upande wa mstaafu. "Boss, huyu mzee iko sawa," alimwambia Perumal. "Ametaja bei yake. Sasa wao waseme yao."

"Mtandaoni hakuna anayesema, Gustave," Perumal akajibu. "Wanaangalia bei, wanapitisha kidole, wamekwenda. Huwezi hata kuwaona mgongo."

Gustave akacheka. Watu gani hao wasiojua kuongea?

Basi watu hao wakaja nyumbani kwake wamevaa tai.

Tina, kifungua mimba wake, anafanya kazi kwenye duka la simu. Siku moja friji ya soda ya duka iliharibika, akaitwa fundi kutoka Cato Manor, kijana wa Kirundi anayeitwa Léonce, mpole, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Friji ikapona. Fundi akaendelea kuja. Mwaka mzima friji ile ilikaguliwa kuliko ndege, hadi Tina mwenyewe akamwambia aje nyumbani na wazee.

Shida ni kwamba Léonce hakuwa na wazee. Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo, akabaki na mama yake, Estella, mama mrefu wa kanisani asiyeinama ovyo. Kwa desturi ya kina Estella maneno ya mahari huachiwa wanaume, na mwanamume pekee waliyempata kuwasemea alikuwa binamu mmoja, Achille, aliyelelewa Durban tangu akinyonya, ambaye kila kitu alichowahi kununua, hata viatu vya siku ile, alikinunua kwa kugusa kioo cha simu.

Walipokwisha kukaribishwa, Gustave akakaa kitini, akasafisha koo. Hii ilikuwa posa ya binti yake mwenyewe, na mwamba ngoma huvutia kwake. Moyoni alikuwa na thirty thousand. Akatamka, kwa sauti ya kanisani, "Eighty thousand. Ng'ombe tatu mbali. Costume yangu, suti kamili. Na ya mama muijue wenyewe."

Akajiegemeza, akangoja wapige kelele. Alikuwa na majibu yamejaa mdomoni, matamu yote.

Achille akaandika kwenye simu. Akamtazama mama, akamtazama Léonce, Léonce akatikisa kichwa kukubali. "Sharp, Papa," akasema Achille. "Tumeelewa." Wakanywa soda, wakashukuru, wakaondoka.

"Batarudi," Gustave akamwambia mkewe, ingawa kiti kilikuwa hakimkai vizuri. "Banaenda kupanga maneno."

Hawakurudi. Wiki zikapita. Kuwapigia simu hakuweza. Mwenye bei akimfuata mnunuzi barabarani amekwisha, hilo hata Ninahazwe analijua. Na Léonce akabadilika. Ujumbe wake kwa Tina ukawa mfupi mfupi, "subira kidogo", na akipigiwa simu jioni anasinzia katikati ya maneno. Tina akaacha kusuka nywele. Akaacha kuimba akiosha vyombo, na yeye ni mtu wa kuimba hata akifua soksi. Félicité alimtumbulia mumewe macho kila wakati wa chakula, naye alikula akitazama sahani.

Jumapili moja Tina akakaa mbele yake. "Papa, mimi na ile bunduki yako tuko na tofauti gani? Sisi wawili unatupangusa vumbi, unasema wateja batakuja."

Neno hilo lilimuuma Gustave. Alikwenda kulala mapema na hakulala.

Kesho yake asubuhi, aliposhuka kwenye taksi kule Jacobs, alimwona kijana amesimama karibu na robot, taa za barabarani, ameegemea nguzo, amelala wima. Taa ikageuka kijani, watu wakavuka, yeye hakuvuka. Alikuwa Léonce. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji, na ovaroli ina madoa ya rangi.

"Léonce! Ni nini hii?"

Kijana akashtuka, akajaribu kuficha mkono. "Bonjour, Papa. Kazi tu. Usiku niko kwa kiwanda cha rangi, mchana kwa friji."

"Na umepotea!"

"Sijapotea, Papa. Niko natafuta ile eighty. Nimefika eleven."

Gustave akamshika bega. "Eish, mwana! Kwa nini hamukurudi tuongee?"

"Tuongee nini? Ulisema bei."

"Ile iko bei ya kwanza! Ulipaswa kusema ni mingi!"

Léonce akamtazama kwa macho mekundu ya usingizi, bila hila hata chembe. "Lakini si mingi, Papa. Mimi niliona umetuhurumia."

"Sema ni mingi."

"Siwezi."

"Sema, nakuambia!"

"Nikisema Tina ni ghali, kesho Tina atasikia."

Hapo kando ya barabara, mbele ya wafanyakazi wanaoingia zamu, mzee akaanza kubishana bei peke yake. Alisema eighty kwa sauti yake, akaruka upande wa pili wa nguzo, akapaza sauti nyembamba ya upande wa mume, "Aa, Papa, tuhurumie, forty!", akarudi, akakataa, akaruka tena. Dereva mmoja wa taksi akapiga honi kumshangilia. Léonce alingoja kwa heshima mpaka beau-père, baba mkwe wake mtarajiwa, akaishiwa pumzi, kisha akasema pole pole, "Nitamaliza tu, Papa. Nipe muda." Akavuka, akaenda kutengeneza friji.

Gustave aliingia ghalani akiwa amevimba macho. Mzee Perumal hakuuliza. Alikuwa ameinamia kompyuta, anatabasamu, jambo ambalo kwake ni la sikukuu. Mstaafu wa Pinetown alikuwa amechoka hatimaye, akakubali Bwana Subiri aanze kwa five thousand, na leo ndiyo siku ya kufunga. Watu waliokuwa wakipitisha kidole walikuwa wamesimama. Mmoja alitia six. Mwingine nine. Wakaanza kuoneana wivu watu ambao hawajawahi kukutana, eighteen, thirty, kila mmoja akiogopa kwamba mwenzake ndiye anayejua thamani. Ikafika forty-six na Perumal akapiga meza kwa kiganja, "Imeuzwa!", kama afanyavyo siku zote, ingawa mtandaoni hakuna wa kumsikia.

"Ukitaka waje, uwape nafasi ya kuingia," alisema.

Gustave alishasikia tangu utotoni kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini siku zote alidhani wanaambiwa wanunuzi.

Jumamosi iliyofuata aliwaita Warundi warudi, msemaji, mama na mwana. Léonce alikuja na uso wa mtu anayekwenda kuomba radhi. Gustave akasafisha koo.

"Nimefikiria upya. Mbuzi moja."

Achille akatafuta kwenye simu pa kuandika mbuzi. Félicité akageuka kumtazama mumewe kama amepandwa na homa.

Kisha Estella, ambaye safari ya kwanza hakusema neno kwa kuwa si desturi, akasimama na urefu wake wote, na desturi ikabaki kitini. "Mbuzi mmoja? Papa Tina, unatucheka? Nimelea mwanangu peke yangu, leo aoe kwa mbuzi kama aliokota mke njiani? Ten thousand!"

"Mama, ten ni mingi, iko mbuzi tu..."

"Twelve! Na ng'ombe!"

"Tuhurumie, Mama!" akalia Gustave, na hakuona kwamba anatumia sauti ileile nyembamba ya kwenye robot.

"Fifteen! Kwetu hatuchukui mtoto wa watu bure!"

Tina alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni, anacheka na machozi yanamshuka. Estella alikuwa amepata moto. Alisema eighteen, akavuta pumzi ya twenty. Gustave akaangalia ile bandeji kwenye mkono wa kijana. Akapiga meza kwa kiganja hadi glasi zikaruka.

"Imeuzwa!"

Félicité akamfinya pajani, mfinyo wa miaka mingi.

"Imekubaliwa, nilitaka kusema. Na nusu ataleta wakishazaa. Na kiwanda cha rangi anaacha Jumatatu, hiyo ndiyo bei ya mwisho, sishuki." Estella akakaa, akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda. Léonce alitaka kusema kitu, lakini Tina alikuwa ameshamshika ule mkono.

Harusi ilifanyika, watu wakala, wakacheza mpaka jirani wa juu akashuka kulalamika naye akabaki. Tina akahamia Cato Manor.

Siku chache baadaye Gustave alipita Umbilo Road peke yake. Ninahazwe akamwona kwa mbali, akajiweka sawa, akasema forty na kujiandaa kwa vita. Gustave akatoa forty, akampa, akachukua nyanya.

Ninahazwe akabaki na noti mkononi. "Papa Tina! Uko mgonjwa?"

"Hapana, dada."

"Sasa mbona hubishani? Ni forty, nimesema! Forty!"

Gustave alitazama fungu la nyanya, kubwa mno kwa watu wawili.

"Nyumba imenyamaza, dada," akasema. "Kesho nitapiga kelele."

Ninahazwe akamtilia Gustave noti ya twenty kwenye mfuko wa nyanya, pamoja na zile rand mbili anazomla kila fungu.