Siku Niliyoungama kwa Taa za Breki

Najua wengine wenu mmeshaisikia habari hii pale sokoni Masara, na mmeisikia vibaya, kwa sababu yule mama wa mandazi huongeza chumvi kwa kila kitu isipokuwa mandazi yake, kwa hivyo afadhali niiseme mwenyewe, kwani aibu ni yangu. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na minane, nimezaa sita, nina wajukuu kumi na saba na hakuna hata mmoja mjinga, ni shemasi kanisani, Sabato hainikuti sokoni, naendesha pikapu yangu mwenyewe kutoka Masara mpaka Sindo kuleta omena, wale dagaa wa ziwani, na bado nilisimama nyuma ya hiyo pikapu saa kumi mchana, mvua inanyesha, boma limejaa watu, nikaungama dhambi zangu kwa balbu mbili.

Ilianza na kitu kidogo. Pikapu ilikuwa ya mzee wangu, Baba Atieno, aliyenitangulia miaka miwili iliyopita, na taa zake za breki zilikuwa na zile balbu za zamani zenye waya mwembamba ndani, ambazo barabara yetu huziua kama kuku wakati wa kideri. Nikiweka leo, kesho kutwa waya umekatika. Sasa Masara kuna malori ya kubeba mawe ya dhahabu na kuna vumbi, na siku moja nilikanyaga breki kwa sababu ya mbuzi, mtu wa bodaboda aliyekuwa nyuma yangu hakuona taa yoyote, akaja kusimama kifua chake kimegusa magunia yangu ya omena. "Mathe, taa zako zimekufa," akaniambia kwa upole, kwa sababu alikuwa bado anatetemeka.

Nikaenda Migori mjini kwa fundi wangu Chacha, Mkuria wa Ntimaru, mwanamume asiyejua kudanganya hata mteja. Akanionyesha balbu za LED, vitaa vidogo vimepangwa kama punje kwenye gunzi.

"Hizi, mama, hazina waya wa kukatika," akasema. "Na zinakula umeme kidogo sana, kidogo mpaka utashangaa."

Nikamwambia aweke. Sikuuliza nitashangaa vipi. (Nani huuliza maswali mbele ya kitu kinachokula kidogo?)

Hapa lazima niwaeleze tabia moja ya mzee. Mvua ikinyesha mchana na kazi ya shamba ikisimama, alikuwa anaingia ndani ya pikapu pale kwenye banda la mabati, anafunga mlango, anawasha redio, na mguu wake wa kulia unakanyaga breki kufuata ngoma ya wimbo, wala yeye mwenyewe hajui kwamba anakanyaga. Mimi nikiwa jikoni naona taa nyekundu zinawaka, zinazima, zinawaka, najua amefika kwa wimbo anaoupenda, nampelekea chai. Tangu tumzike, mvua imenyesha mara ngapi, na banda lilikuwa giza tu.

Basi wiki moja baada ya Chacha kuweka balbu, mchana mmoja wingu likaja kutoka upande wa ziwa, zito, mpaka kuku wakapanda kulala saa tisa. Mvua ikashuka. Mimi nilikuwa nakaanga mboga jikoni, nikainua macho, na kule bandani kulikuwa na wekundu. Haukuwa ule mkali wa breki. Ulikuwa wekundu wa kaa lililofunikwa majivu. Ukaja, ukafifia, ukaja tena polepole, kama mtu anapumua usingizini.

Funguo ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake karibu na kichwa changu. Niliishika. Ilikuwa baridi.

Nikatoka na sufuria kichwani (mwavuli uko wapi mtu akiutaka?) nikachungulia dirishani. Hakuna mtu. Kiti chake kina lile shimo alilolichimba kwa kukaa miaka kumi na minane. Lakini chini, pale kwenye pedeli, kapeti ilikuwa imelowa, imelowa mahali pamoja tu, kama mtu ametoka kwenye mvua na miguu yake ikakaa hapo. Nyuma yangu taa zikapumua. Nikarudi jikoni kinyumenyume, mboga zikaungua.

Sasa kanisani kwetu tunafundisha kwamba aliyekufa amelala, hajui lolote mpaka ile siku, na mimi mwenyewe nimewafundisha akina mama hilo jambo, nikapiga na meza. Ningemwambia nani? Mvua ilipokatika, taa nazo zikazima, nikanyamaza. Siku tatu baadaye wingu likarudi, wekundu ukarudi, nami nikafanya ujinga wa pili, nikachukua leso mbili nikazifunga juu ya zile taa ili hata mimi nisione. Niwaambie kitu kimoja, taa nyekundu ikipumua nyuma ya leso yenye maua inatisha kuliko ikiwa uchi.

Ndipo shemeji yangu Okech akaja kujikinga mvua. Okech ni mdogo wa mzee, boma lake liko ng'ambo ya kijito, na tangu mazishi alikuwa anaiangalia ile pikapu kama mtu anayeangalia sahani ya mwenzake. Akasimama pale bandani, akatazama.

"Nyar Karungu," akaniita, kwa kuwa mashemeji huniita binti wa kule nilikozaliwa, "hii leso inafanya nini hapa?"

"Inakauka."

"Inakaukia kwenye mvua."

Akaifungua. Akaona. Akaangalia ndani, akaona hakuna mtu, akaona ile kapeti, na midomo yake ikageuka rangi. "Huo ni mguu wa ndugu yangu," akasema.

Nusu saa haikuisha, boma lilikuwa limejaa. Sijui nani alipiga mbiu. Walikuja na mifuko ya plastiki vichwani, wakasimama kimya chini ya paa, na ukimya wa watu wa kwetu ambao hawanyamazi hata msibani ulinitisha kuliko taa. Mjukuu wangu Vero, anayesomea ualimu (wa kwanza katika ukoo huu, na si wa mwisho), akaninong'oneza, "Dani," ndivyo wajukuu wetu wanavyomwita nyanya, "acha nimpigie Chacha."

"Piga," nikamwambia, "lakini Mkuria wa watu atajuaje maneno ya marehemu wetu?"

Hilo ndilo kosa langu, liandikeni. Kwetu, gari lililobeba maiti likigoma njiani, mtu wa karibu husimama kando ya jeneza akaongea na marehemu, akamwambia kama kuna jambo tulikukosea tusamehe, twende nyumbani, na gari huwaka. Nimeona mara mbili. Kwa hivyo Okech aliposema maneno yake hakuna aliyeshangaa.

"Kuna kitu kinamnyima usingizi. Ongea naye hapa tukisikia. Ukikataa, nipe funguo, pikapu iende kwangu mpaka wazee waamue."

Najua wazee wakiamua. Pikapu ingekaa kwa Okech mpaka kuku watage ndani yake, mimi nirudi kubembeleza nafasi ya magunia yangu kwa magari ya watu, na Vero arudi nyumbani kuchambua omena na ualimu wake nusu. Nikasema ikiwa ni kuongea, nitaongea.

Nikasimama nyuma ya pikapu. Maji ya mvua yalikuwa yananishuka mgongoni.

"Baba Atieno, ni mimi. Pikapu yako nimeitunza. Watoto wako wazima. Kaburi lako nimepalilia. Unataka nini?"

Taa zikaja, zikafifia, zikaja.

"Sema lile kubwa," mama mmoja akasema nyuma yangu, taratibu.

Na mimi nililijua lile kubwa. Nilikuwa nimelikalia miaka mitano.

"Baba Atieno," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "ni juu ya fahali wa Okech."

Nilisikia Okech akiacha kupumua.

Mimi ndiye niliyemgonga yule fahali. Nilikuwa najifunza kuendesha kwa siri, alfajiri, kwa kuwa niliona aibu watu waone mwanamke mzee anahangaika na gia, na fahali akatokea kichakani karibu na lango letu, nikamvunja mguu, wakamchinja siku hiyo hiyo. Mzee alitoka nje akanikuta nalia ndani ya pikapu. Akaniambia shuka, ingia ndani, akaketi pale kwenye usukani, na ndugu yake alipofika alimkuta yeye. Okech hakuongea na kaka yake karibu miaka mitatu. Walisalimiana tena hospitalini, wakati mmoja wao hana tena nguvu ya kujibu. Yote hayo niliyasema, kwa sauti, mbele ya majirani, mbele ya akina mama niliowafundisha, na nilipomaliza taa zikafifia, zikafifia, zikazima.

Watu wakashusha pumzi pamoja. Mtu akasema amina. Mimi mwenyewe niliamini, niwadanganye nini, nilisikia mwili mzima umekuwa mwepesi.

(Ilikuwa mvua imepungua. Hiyo tu. Lakini nani alikuwa anaangalia mvua?)

Kisha upepo ukageuka, mvua ikapiga mabati upya, na wekundu ukaja tena.

"Bado," Okech akasema bila kuniangalia. "Ongeza."

Nikaongeza. Nikasema ile redio yake haikuibwa, niliiuza kwa mchimba dhahabu mmoja kwa sababu sikuweza kuisikia ikiimba bila yeye. Taa zikapunguka, zikarudi. Nikasema daktari hakuwahi kumkataza sukari, ni mimi niliyechoka na vijiko vyake vinne. Kuna mtu alicheka, akanyamazishwa. Nikasema na jambo moja kuhusu sadaka ya kanisa ambalo sitalirudia hapa, mliokuwa pale mlisikia, inatosha. Nilikuwa naingia kwa mambo ya ujana wangu kule Karungu, Mungu anisamehe, pikipiki ilipoingia bomani na Chacha akashuka, ameloa, ana tochi mdomoni.

Hakuuliza mtu kitu. Akafungua mlango wa dereva, akina mama wakarudi nyuma hatua tatu, akalala chali kichwa kikiwa chini ya usukani na miguu nje.

"Mama, nipe kitambaa kikavu."

Vero akampa. Tukasikia anapangusa kitu. Taa zikazima papo hapo, kama mtu amefumba macho.

"Sasa angalieni," akasema kule chini. Akachovya kidole kwenye kapeti iliyolowa, akagusa juu, na taa zikapumua. Akapangusa, zikazima. Akafanya hivyo mara tatu, na kila mara nilitamani ardhi ya Masara, yenye mashimo kila mahali, ifungue moja hapo nilipo.

Akatoka, akanieleza mbele ya watu wote, kwa heshima, ambayo ndiyo ilinimaliza. Juu ya pedeli ya breki kuna swichi ndogo, na umeme hukaa hapo saa zote hata funguo ikiwa jikoni. Mpira wa kioo cha mbele umezeeka, na bati la banda linavuja juu yake, kwa hivyo mvua ikinyesha maji hudondoka kwenye swichi, tone kwa tone, na umeme mdogo unapita ndani ya yale maji. "Balbu za zamani zilikuwa zinataka umeme mwingi, hazingewaka kwa huo," akasema. "Hizi zinawaka kwa kidogo. Nilikwambia utashangaa."

Kisha yule mama wa mandazi akaanza kucheka, na alipoanza yeye boma zima likafuata, watu wakashika nguzo za banda, wakalia machozi, na mimi nikasimama katikati yao na leso zangu mbili mkononi, shemasi.

Okech hakucheka. Alingoja mpaka wamechoka, akanyoosha mkono.

"Nipe funguo."

Nikajua ndiyo imekwisha. Marehemu alikuwa maji, lakini fahali alikuwa kweli, na nilikuwa nimemtaja mwenyewe mbele ya mashahidi. Nikampa.

Hakuwasha gari. Aliingia, akaketi kwenye lile shimo la kiti, akafunga mlango. Mvua ilikuwa inapiga mabati, hatukusikia kitu, na vioo vilishika ukungu upesi, lakini kabla havijafunika niliona midomo yake inatembea. Alikuwa anaongea. Mtu mzima, amemuona fundi kwa macho yake akipangusa swichi, na alikuwa anaongea, akinyamaza kidogo kama anayesubiri jibu, kisha anaongea tena. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja bila kuagana. Chacha alizima tochi yake, akatazama pembeni.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akaniwekea funguo mkononi na kuvikunja vidole vyangu juu yake.

"Nyar Karungu," akasema, "ukipita kwangu, endesha polepole. Nina ndama wawili."

Mpira wa kioo ni mpya sasa, na bati limezibwa. Pale sokoni bado wananiuliza kila Jumapili leo nimekuja kuungama nini, nami nawapimia omena yao kwa ukali kidogo. Lakini nimeapa, na ninyi ni mashahidi: jambo ambalo nadaiwa na mtu aliye hai, nitamwendea mwenyewe kwa miguu yangu akiwa bado ana masikio, na gari likinionyesha maajabu yake, nitampigia Chacha kabla sijafungua mdomo.