Ufunguo wa Kielelezo cha Nne

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa ghala la vielelezo, na msomaji wake wa kwanza alikuwa mtunza ghala mwenyewe. Lilisema kwa herufi nene: Mihadhara ya Jumamosi, Sheria na Uhalifu wa Zamani. Mada ya mwezi huu ilikuwa "Ufunguo Uliomaliza Kesi". Chini ya maneno hayo palikuwa na picha ya kufuli la shaba lenye ukubwa wa kiganja. Mama Lebo alilitambua kabla hajavaa miwani.

Mama Lebo lilikuwa jina lake la kazini. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mtunza vielelezo wa mahakama. Kila kilichohusika na kesi, kiwe kisu, kiatu, redio au shati lenye damu, kilipitia mikononi mwake. Alikiandikia namba kwenye lebo ya karatasi ngumu, akaifunga kwa uzi wa katani, akakiweka rafuni hadi hakimu atakapokihitaji. Fundo lake lilikuwa maarufu: mizunguko miwili, kitanzi, kisha ncha ya uzi kufichwa ndani. Waendesha mashtaka walinung'unika kwamba kulifungua kulihitaji amri ya mahakama. Hata nyumbani hakuacha. Mdogo wake, fundi cherehani aliyeishi naye, alipomkuta akifunga mfuko wa sokoni kwa fundo lilelile alimwambia, "Dada, hivyo ni vitunguu. Havitaitwa kutoa ushahidi."

Mihadhara yenyewe aliipenda. Ilifanyika asubuhi katika chumba namba moja cha mahakama ya zamani, ambacho hakikuwa kikisikiliza kesi tena tangu jengo jipya lifunguliwe. Mwenye kuiandaa alikuwa wakili mstaafu, mzee mwenye sauti nzito na suruali iliyopigwa pasi kama karatasi. Aliwahi kuzungumzia historia ya alama za vidole, adhabu zilizofutwa, na wanawake wa kwanza kukaa kiti cha hakimu. Waliohudhuria walikuwa wanafunzi wa sheria, wastaafu, na watu wawili watatu ambao kila mtu alijua wamefuata chai. Mama Lebo alikaa daima safu ya mwisho, karibu na mlango, pochi mapajani.

"Safari hii hukai nyuma," wakili alimwambia siku hiyohiyo, akiwa ameegemea kaunta ya ghala. "Nakuhitaji mbele, na kufuli lako na ufunguo wako. Utawaeleza watu jinsi vitu hivi vinavyotunzwa, kisha mimi nitafungua kufuli mbele yao, kama alivyofanya mwendesha mashtaka siku ile."

"Mimi si mtu wa kuzungumza, mzee."

"Dakika tano tu. Hata bubu angezimudu." Alicheka, kisha akainama kana kwamba anatoa siri. "Na nina mgeni. Mlinzi mwenyewe aliyefungwa kwa kesi hii. Yu hai, anasuka viti kule nyuma ya soko. Amekubali kuja."

Mama Lebo alisema vizuri, mzee. Wakili alipoondoka, aliufunga mlango wa ghala kwa ndani, jambo ambalo kanuni zilikataza wakati wa kazi, akasimama kati ya rafu.

Kesi hiyo ilihusu bohari la vitambaa. Marobota kumi na manane yalitoweka, na kufuli la mlangoni likakutwa limefungwa, halina hata mkwaruzo. Polisi walimpekua mlinzi, wakamkuta na ufunguo mfukoni. Alisema ni wa sanduku la marehemu mama yake. Mwenye bohari naye alikabidhi ufunguo wake ili ulinganishwe. Ghala likapokea kufuli kama kielelezo cha pili, ufunguo wa mlinzi kama cha tatu, na ufunguo wa mwenye bohari kama cha nne. Funguo zote mbili zilikuwa za shaba, zenye urefu wa kidole cha kati, na askari mpelelezi alikuwa amezilinganisha kwa macho tu.

Wiki moja kabla ya kesi, mchwa waliingia ghalani. Dawa ya mchwa ya wakati ule ilifuta wino. Kwa hiyo palikuwa na utaratibu, ambao haukuandikwa popote, wa kufungua lebo zote za rafu, kuzipanga kwenye sinia kwa kufuata mpangilio wa vitu, kupuliza dawa, kisha kuzifunga upya. Mama Lebo alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na miezi mitatu kazini. Siku hiyo alifunga lebo mia moja na sita peke yake, kwa sababu bosi wake alikuwa kwa daktari wa meno. Kesho yake bosi alitia sahihi kwamba alisimamia.

Mahakamani, mwendesha mashtaka aliinua ufunguo wenye lebo ya kielelezo cha tatu, akautia kwenye kufuli, na kufuli likafunguka kwa mlio uliosikika hadi kwenye madawati ya nyuma. Mlinzi alisema kutoka kizimbani, "Huo si wangu." Watu walicheka. Ule wa nne hakuna aliyeujaribu, maana kila mtu alijua ni wa mwenye mali. Hukumu ilikuwa miaka tisa.

Muda wa rufaa ulipita. Wiki sita baada ya hukumu Mama Lebo alitakiwa kumrudishia mwenye bohari ufunguo wake, na kabla ya kurudishwa ulipaswa kujaribiwa. Aliutia kwenye kufuli. Haukuingia hata nusu. Aliupaka mafuta, akaujaribu tena, na alipougeuza mwangani akaona kichwani mwake tundu la pili, lililotobolewa kwa msumari, upande. Hapo alielewa kwamba siku ya dawa alikuwa amebadilisha lebo. Alikaa chini sakafuni, akabaki hapo hadi kengele ya mchana.

Alikwenda mlangoni kwa msajili mara mbili. Mara ya kwanza msajili alikuwa na wageni. Mara ya pili hakuwa na wageni, lakini Mama Lebo akageuka akarudi. Aliogopa kufukuzwa kazi, aliogopa kushtakiwa, aliogopa uso wa bosi wake aliyemfundisha kila kitu. Mwenye bohari alipoandika kwamba amenunua kufuli jipya na hahitaji kurudishiwa chochote, Mama Lebo aliandika daftarini "kielelezo cha nne, kimeteketezwa", akatia sahihi, akaenda na ufunguo nyumbani, akauficha chini ya kitambaa ndani ya kopo la sindano. Tangu mlinzi atoke gerezani, hakuwahi tena kupita nyuma ya soko.

Sasa, akiwaza kwa makini kama alivyozoea, aliona kwamba hakuna kitu cha kumfichua. Ufunguo uliobaki ghalani ungefungua kufuli kama ulivyofungua zamani. Alichotakiwa kufanya ni kuzungumza dakika tano bila kuutaja ule wa nne, na kabla ya hapo kulitupa lile kopo. Alhamisi jioni alitoka nalo hadi kwenye mtaro wa nyuma ya nyumba. Alisimama pale akiwa na ufunguo mkononi hadi mdogo wake alipotokeza dirishani na futi ya kupimia shingoni.

"Dada, unatafuta nini mtaroni?"

"Sindano imeanguka."

"Sindano moja, ndiyo unatoka jasho hivyo? Ingia ndani nikupime. Jumamosi unakaa mbele, siwezi kukuacha uende na lile gauni la misiba."

Akaingia. Alisimama mikono juu akipimwa, ufunguo ukiwa umebanwa ndani ya ngumi.

"Fungua mkono, nipime kiganja, mkono wa gauni upate kupita," mdogo wake alisema.

"Pima kwa kukisia."

"Haya. Ukikataa kupita usinilaumu."

Jumamosi alifika saa mbili na nusu, kufuli likiwa ndani ya boksi la ghala na kopo la sindano likiwa ndani ya pochi. Hakuwa amekata kauli. Kopo alilichukua kwa sababu alishindwa kuliacha nyumbani na vilevile alishindwa kulitupa. Chumba kilijaa hadi watu wakakaa kwenye kizimba cha zamani. Mdogo wake alikuwa safu ya tatu, akilitazama gauni alilolishona zaidi kuliko alivyomtazama aliyelivaa.

Mlinzi aliingia akiwa na shati jeupe lililofungwa vifungo hadi shingoni. Alikuwa mfupi, kichwa chake kimenyolewa kikang'aa, na vidole vyake vilikuwa na makovu ya kusuka viti. Wakili alimketisha viti viwili tu kutoka kwa Mama Lebo.

"Habari za kazi, mama," mlinzi alisema.

"Nzuri." Neno hilo lilitoka likiwa kavu.

Wakili alizungumza kwa saa nzima, na Mama Lebo hakusikia hata sentensi tatu. Alisikia tu kwamba kitu kimoja kidogo kinaweza kubeba kesi nzima mgongoni. Kisha aliitwa, akaeleza habari za rafu, lebo na uzi kwa sauti iliyowalazimu watu wa nyuma kuinama mbele, akaketi. Wakili akautia ufunguo kwenye kufuli. Lilifunguka kwa mlio uleule wa zamani. Watu walishusha pumzi.

Wakati wa maswali, mwanafunzi mmoja alisimama. "Samahani, mzee. Hivi, uliiba au hukuiba?"

Chumba kilinong'ona. Mlinzi hakukasirika. "Swali hilo hakimu aliniuliza nikiwa na nywele, nikasema hapana. Leo sina nywele, na jibu ni lilelile." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Sikuja kubishana. Nimesikia kwamba kesi ikiisha, mtu anaweza kuomba kitu chake. Naomba ufunguo wangu. Sanduku la mama halijafunguliwa tangu siku niliyokamatwa."

"Lakini mzee," wakili alisema kwa upole, "ufunguo wako ndio huu. Umeuona umefungua kufuli."

"Huo si wangu. Wangu una matundu mawili kichwani. La pili mama alilitoboa kwa msumari, apitishe uzi auvae shingoni."

Wakili aliugeuza ufunguo uliokuwa mkononi mwake. Ulikuwa na tundu moja.

"Si ungelivunja tu hilo sanduku, mzee?" mwanamke mmoja aliuliza kutoka nyuma. "Miaka yote hiyo?"

"Nikilivunja," mlinzi alisema, "nitakuwa nimekubali kwamba sikuwa na ufunguo wake."

Hakuna aliyecheka safari hii. Wakili, akitafuta msaada, aligeukia upande wa pili. "Mama Lebo, labda wewe utufafanulie."

Angeweza kusema kwamba haelewi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, laini, ya kikazi. Lakini mlinzi alikuwa amemgeukia naye pia, akimtazama bila shuku yoyote, kama mtu anavyomtazama karani ili aambiwe dirisha la kwenda, na mtazamo huo ulimtisha kuliko gereza. Alifungua pochi. Alitoa kopo kwa haraka, kifuniko kikaruka na sindano zikamwagika sakafuni. Aliuweka ufunguo mezani, kando ya kufuli.

"Hiki ni kielelezo cha nne," alisema. "Yaani hapana. Hiki ndicho cha tatu. Lebo zilifunguliwa kwa ajili ya dawa ya mchwa, na mimi ndiye niliyezifunga upya. Nilizibadilisha bila kujua."

Mlinzi aliuchukua. Alipitisha ukucha kwenye tundu la pili, taratibu, akaupitisha tena.

"Ulijua lini?" aliuliza.

"Wiki sita baada ya hukumu."

"Wiki sita."

"Nilikwenda mlangoni kwa msajili mara mbili. Nikarudi. Niliogopa."

"Mimi pia niliogopa," mlinzi alisema. "Kila siku. Ila mimi nilikuwa nimefungiwa." Hakupaza sauti, na hilo lilimfanya Mama Lebo atamani angeipaza. Wakili aliiweka kalamu yake mezani.

Kwa mazoea tu, kwa sababu kitu kilikuwa kinatoka mikononi mwake kwenda kwa mwenyewe, vidole vya Mama Lebo vilikwenda kwenye boksi, vikachukua lebo na kipande cha uzi, vikaanza kufanya kitanzi.

"Acha, mama," mlinzi alisema. "Huu usiufunge chochote."

Akauweka mfukoni, mfuko wa shati, upande wa moyo, akakibana kifungo chake. "Jumatatu saa mbili nitakuwa mlangoni kwa msajili. Na wewe uwepo. Itakuwa mara yako ya tatu."

"Nitakuwepo."

"Utasema kama ulivyosema hapa?"

"Nitasema. Na daftari nililotia sahihi nitalileta."

Mlinzi alimtazama muda mrefu, kama fundi anayepima kama mguu wa kiti utabeba uzito, kisha akatoka kwa njia ya katikati huku watu wakimpisha. Hakusema amesamehe, naye Mama Lebo hakumwomba.

Chumba kilianza kuzungumza chote kwa pamoja. Mama Lebo alipiga magoti kuokota sindano, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichojua kukifanya. Gauni jipya lilikokota vumbi. Mdogo wake alikuja akainama kando yake, akaokota mbili, akaokota ya tatu, hakumtazama usoni.

"Kwa hiyo Alhamisi haikuwa sindano," alisema.

"Haikuwa."

"Unaogopa?"

"Nimeogopa miaka thelathini na moja," Mama Lebo alisema. "Lakini hofu hii ya Jumatatu siijui bado."

Mdogo wake alimpa sindano zile tatu, moja moja, zikiwa zimegeuzwa ili ncha zisimchome.

"Saa moja na nusu nitakuwa nimevaa," alisema. "Nitakusindikiza hadi mlangoni."