Ajifunza kuogelea na watoto apate kusomea upepo wa baharini

Saa moja asubuhi. Baridi ya Agosti 2008 imelikalia jiji la Nairobi, na wanaokwenda kazini wanapita upesi, mikono mifukoni. Nyuma ya ukuta mmoja karibu na chuo kikuu, Lornah Wahu Kihara amesimama ndani ya bwawa la kuogelea, maji yakimfika kifuani, meno yakigongana.

Wanafunzi wenzake ni watoto wa shule ya msingi waliofunga muhula. Wazazi wao huwaacha hapa wakielekea ofisini.

"Auntie, puliza kama unapoza chai!" anamwelekeza Shiko, msichana wa miaka minane anayeelea kama bata.

Lornah anafumba macho, anazamisha uso, anapuliza. Anaibuka akikohoa, kamasi na machozi vimechanganyika. Watoto wanampigia makofi.

Lornah, 31, ni mhandisi mwenye shahada ya uzamili. Kwa miaka sita amefanya kazi katika karakana ya Bw. Mahesh, karibu na Dagoretti Corner, inayounda pampu za upepo za kuvuta maji visimani. Huko Kajiado yeye hupanda mnara na spana kiunoni, upepo ukimsukasuka, wanaume wakimtazama kutoka chini kwa mashaka.

"Juu sina shida," asema. "Shida yangu ni maji."

Na maji ndiyo sasa yaliyomzibia njia ya kwenda kusomea shahada ya uzamifu. Kampuni moja ya Uskoti, inayosimamisha mitambo ya upepo ndani ya bahari ili kuzalisha umeme, imekubali kumsomesha miaka minne. Italipa karo, nyumba na hela za matumizi. Naye atachunguza jinsi chumvi inavyokula beringi na bolti za mitambo hiyo.

Lakini si masomo ya kuketi maktabani. Nusu ya kila mwaka atakuwa na mafundi wa kampuni, akipelekwa baharini kwa boti au helikopta. Asiyeweza kujiokoa majini hapelekwi, na asiyepelekwa hana cha kuchunguza.

Balaa hili, kusema kweli, alijitafutia mwenyewe. Kwenye wasifu aliotuma, pale pa kutaja mambo ayapendayo, aliandika kusoma, kusafiri na kuogelea.

"Kwani nani Kenya hii hajaandika swimming?" auliza, akicheka hadi anajishika mbavu. "Reading, travelling, swimming. Tangu college ni hivyo. Mtu wa saiba anayekuchapia hata hakuulizi, anakuwekea tu!"

Wenyeji wa Uskoti hawajui desturi zetu. Waliamini. Profesa wa chuo kikuu cha huko aliyemhoji kwa simu alimpongeza kwa kuwa mwogeleaji, na Lornah, kwa woga wa kuharibu mambo, akaitikia.

Kisha likaja sharti: kabla ya Septemba kwisha, aogelee mita hamsini bila kushika ukingo, mbele ya mwalimu anayetambulika. Hapo akakubali kwamba njia ya mwongo ni fupi, akawaandikia ukweli. Walimjibu kwa ucheshi, wala hawakumfukuza. Ila sharti lilibaki pale pale, na akishindwa nafasi itapewa mwingine ambaye tayari anangoja.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wao labda waliishi kwenye joto.

Mwalimu wake ni Alkarim, mzee mwenye kipenga shingoni ambaye amefundisha vizazi viwili vya watoto wa Nairobi. Wiki ya kwanza Lornah aling'ang'ania ukingo hadi vidole vikamuuma.

"Hapana pigana na maji, madam," Alkarim humwambia. "Maji haina kesi na wewe."

Kila somo ni shilingi mia nne. Kwa mshahara wa elfu thelathini na mbili, na mama wa kutunza, Lornah ameacha kununua chakula cha mchana mjini. Hubeba githeri kwenye kikopo. Hilo halimsumbui sana. Linalomsumbua ni kwamba mwalimu wake amekosea, kwani kesi ipo.

Mwaka wa 1985, familia yao ikiishi Uthiru, kaka yake Kibe alienda na wenzake kwenye machimbo ya mawe yaliyokuwa yamejaa maji ya mvua. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Wenzake walirudi, yeye hakurudi. Lornah alikuwa na miaka minane.

Tangu siku hiyo, maji yoyote yaliyozidi beseni yalipigwa marufuku nyumbani kwao. Mama yao, Bi. Tabitha Nyokabi, ambaye hadi leo majirani wa Waithaka humwita Mama Kibe, alikuwa na kipimo chake. Mtoto akirudi jioni, alimshika mkono na kuukwaruza kwa ukucha. Aliyeingia majini ngozi humkauka, na ukucha huacha mstari mweupe. Akina mama wengi wa mitaa hii walikitumia kipimo hicho, na viboko vilifuata bila mahojiano.

Ndiyo maana Lornah alipoanza masomo hakumwambia mama yake. Alisema anawahi kazini. Baada ya kila somo alijipaka mafuta mikono na miguu, mhandisi mzima akijificha kama mtoto wa darasa la tatu.

Jumamosi moja mafuta yalimwishia. Mama alikuwa jikoni akimenya minji, Lornah akanyoosha mkono kusogeza sufuria. Mama akaudaka. Ukucha ukapita mara moja tu.

"Umekuwa kwa maji," mama alisema.

Lornah alimweleza yote: Uskoti, bahari, mita hamsini. Mama hakugomba. Aliendelea kumenya minji, akaipika, na hakuzungumza na bintiye hadi Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya ibada.

"Ilikuwa heri anichape," asema Lornah. "Nilikuwa tayari kuwaandikia wale watu niwaambie basi, mpeni huyo mwingine. Singeweza kumwua mama yangu kwa wasiwasi."

Hajaandika. Wiki iliyopita aliogelea mita thelathini na tano kabla ya kushika ukingo, na watoto wakapiga kelele hadi mlinzi akaja kuona kuna nini. Mtihani ni Ijumaa ya wiki ya tatu ya Septemba. Akifaulu ataondoka Oktoba, na akimaliza masomo anataka kurudi kufundisha, ili mhandisi Mkenya atakayemfuata asilazimike kwenda mbali hivyo.

Nyumbani Waithaka, Mama Kibe anakubali kuzungumza, ingawa haachi kuchambua maharagwe yake.

"Sijamruhusu," asema. "Mtu wa miaka thelathini na moja unamruhusu nini? Alinidanganya, hiyo nimemwambia. Lakini huko kwa mtihani nitaenda."

Lornah, aliyeketi kando yake, anashtuka. Hili hajawahi kulisikia.

"Utaenda kufanya nini, mami?"

Bi. Nyokabi anaweka ungo chini.

"Kibe walipomtoa, wanawake wa kanisa walikuwa wamenishika hapa kwa nyumba, wakasema nisiende kuona. Sikuona kitu. Sasa wewe nitakaa hapo kando na leso yangu, nikuone ukitoka na miguu yako."